Nyonga haikuhama: kukandwa kwanza au mazoezi kwanza?

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme jambo kuhusu maumivu sugu ya nyonga, hasa yale ya nyuma, kwenye vishimo viwili vilivyo juu ya makalio. Kwenye nguzo za umeme na kwenye simu matangazo yamejaa: "Nyonga iliyohama tunairudisha papo hapo." Wengine nao wanasema tiba ya mikono ni kupoteza hela, mgonjwa apewe mazoezi aende zake nyumbani. Aliyeumwa miezi minane hajui amfuate nani. Sisi ni wafiziotherapia. Kukanda ni kazi yetu na kufundisha mazoezi ni kazi yetu, kwa hiyo hakuna upande tunaounadi.

Neno "kuhama" ndilo linalopotosha watu, tuanze nalo. Chini kabisa ya uti wa mgongo kuna mfupa wa pembetatu, sakramu, uliochomekwa kama kabari katikati ya mifupa miwili mipana ya fupanyonga. Kila upande kuna kiungo kinachoushika, na kimefungwa kwa kano ambazo ni miongoni mwa zilizo imara zaidi mwilini. Kiungo hicho hucheza, ila kidogo mno. Mwaka 1989 watafiti wa Sweden walipandikiza vijipira vidogo vya metali kwenye mifupa ya wagonjwa na kuvifuatilia kwa eksirei maalumu. Wastani wa mzunguko ulikuwa nyuzi 2.5, na kuteleza milimita 0.7. Mwaka 1998 mbinu hiyohiyo ilitumika kwa wagonjwa 10 kabla na baada ya kualishwa kiungo hicho, yaani kusukumwa ghafla kwa mikono mpaka kilie. Vipimo vya vidole vya waliotibu vilisema nyonga imekaa sawa. Eksirei ikasema mifupa iko palepale ilipokuwa.

Basi ule mlio je? Ni gesi inayofanya kiputo ndani ya ute wa kiungo, kama unapoalisha vidole vya mkono. Na ule mguu "mfupi"? Mgonjwa hulazwa chali, huonyeshwa kisigino kimoja kimepanda kuliko kingine, hubonyezwa, kinalia "ko", visigino vinalingana, na watu wote chumbani wanaamini. Lakini kulala upande kidogo kunatosha kupandisha kisigino, na msuli wa kiuno uliokaza upande mmoja pia unatosha. Ukimlaza mtu yuleyule mara tatu unaweza kupata majibu matatu.

Hatusemi mgonjwa anadanganywa kuhusu nafuu, kwa maana nafuu huwa ya kweli. Mikono ikibonyeza, ikivuta au ikialisha, mishipa ya fahamu hupunguza kelele, misuli ya makalio hulegea, na mtu hutoka anatembea vizuri. Tatizo ni muda: nafuu hiyo mara nyingi hukaa saa kadhaa au siku chache, kisha mtu hurudi akiamini nyonga "imehama tena". Kadiri anavyoambiwa hivyo ndivyo anavyoogopa kuinama, kubeba, hata kugeuka kitandani. Misuli isiyotumika hudhoofika, maumivu huongezeka, na tangazo la kwenye nguzo linapata mteja wa kudumu.

Kabla ya kuchagua tiba yoyote, hakikisha maumivu ni ya kiungo hicho kweli. Mwenye tatizo hapo kwa kawaida huweza kugusa kwa kidole kimoja panapouma, kwenye kishimo cha juu ya kalio au karibu yake sana, chini ya mstari wa mkanda wa suruali. Maumivu yanayoanzia katikati ya mgongo juu ya mstari huo yana uwezekano mkubwa wa kuwa ya mgongo wenyewe. Mtaalamu atafanya vipimo vya kuchokoza: kusukuma paja kuelekea kitandani goti likiwa limekunjwa, kubana nyonga pembeni, kuitanua kutokea mbele, kubonyeza sakramu kutokea nyuma. Kimoja kikiuma hakithibitishi kitu. Vikifika vitatu na vyote vikaleta maumivu yale yale ya kila siku, hapo kuna la kufanyia kazi. Anayekupapasa dakika mbili na kutangaza ugonjwa bila vipimo hivyo, muulize anajuaje.

Kuna pia wagonjwa ambao hawapaswi kukandwa wala kupewa mazoezi kama ya kuinua nyonga (daraja) na kuchuchumaa (squati) kabla ya kuonwa na daktari. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito vinaweza kuwa kifua kikuu cha kiungo. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa, fikiria brusela, uambukizi unaotoka kwa mifugo, ambao hupenda sana kiungo hiki. Mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na uambukizi wa mfupa, au kichwa cha paja kilichokosa damu. Kijana aliyeanza kuumwa kabla ya miaka 40, anayeamka usiku wa manane kwa maumivu, asubuhi amekakamaa zaidi ya nusu saa, na anapata nafuu akitembea lakini si akilala, apelekwe kwa daktari wa baridi yabisi. Eksirei ya kawaida inaweza kuonekana safi kwa miaka kadhaa huku kiungo kinawaka. Bibi mwenye mifupa dhaifu aliyeanza kuumwa ghafla, hata bila kuanguka, anaweza kuwa na ufa kwenye sakramu. Kumwalisha huyo ni hatari. Na ganzi kwenye sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Hayo yakiondolewa, ndipo swali la mikono au mazoezi lina maana. Kipimo kinachosaidia zaidi kuamua hakihitaji mashine. Lala chali kwenye mkeka au godoro gumu, miguu imenyooka, nyayo zimeachana shubiri moja, yaani kama sentimita 20. Inua mguu mmoja shubiri moja juu ya mkeka bila kukunja goti. Jipe alama: 0 kama si kazi hata kidogo, 5 kama huwezi kabisa. Fanya hivyo kwa mguu wa pili, jumlisha. Jumla ni kati ya 0 na 10. Iandike na tarehe yake. Kisha mtu akubane nyonga kwa viganja viwili, kulia na kushoto, chini kidogo ya mifupa inayochomoza mbele, na uinue tena.

Mguu ukiwa mwepesi ghafla baada ya kubanwa, misuli yako haikibani kiungo vya kutosha wakati mzigo unapopita. Huyu ni mtu wa mazoezi. Kumwalisha kila wiki ni kulegeza kitu kinacholilia kubanwa. Waliojifungua wengi wako hapa.

Mguu ukizidi kuwa mzito, au kubanwa kukiongeza maumivu, hali ni kinyume: mwili tayari unabana kupita kiasi. Utamkuta mtu huyu anazuia pumzi, tumbo amelikaza mchana kutwa, makalio yamekuwa magumu kama ubao, na mara nyingi ameshaambiwa na watu watatu "kaza tumbo". Ukimwongezea mazoezi ya kukaza unamwagia petroli kwenye moto. Hapa mikono inatangulia: kukanda misuli ya kalio, kulegeza paja la ndani, pumzi ya tumbo dakika tano mara mbili kwa siku. Baada ya wiki mbili au tatu ndipo mzigo unaanza.

Kwa wale ambao mguu ni mwepesi tangu mwanzo na maumivu huja wakipanda ngazi au wakisimama muda mrefu tu, tofauti ya tiba hizi mbili ni ndogo. Tungeanza na mazoezi, kwa sababu hayahitaji nauli.

Utafiti unasemaje? Wanaobishana hapa kila mmoja huchukua jaribio linalompendeza, na majaribio ya kila upande yapo. Uholanzi, mwaka 2013, wagonjwa 51 wenye maumivu ya kiungo hiki yanayoshuka mguuni waligawanywa makundi matatu: fiziotherapia ilifanikiwa kwa 3 kati ya 15, tiba ya mikono kwa 13 kati ya 18, sindano ya ndani ya kiungo kwa 9 kati ya 18. Ukisoma hapo tu utafunga jimu. Norway, mwaka 2004, wanawake 81 waliokuwa na maumivu ya nyonga baada ya kujifungua walifuatiliwa wiki 20: waliopewa mazoezi mahsusi ya kuimarisha nyonga walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata fiziotherapia isiyo na mazoezi hayo, na nafuu ilidumu hata walipopimwa baada ya mwaka na baada ya miaka miwili.

Linaloleta mwanga ni jaribio la Iran la mwaka 2019, nalo lilikuwa na wagonjwa 51. Baada ya wiki 6 waliotibiwa kwa mikono ndio waliong'ara. Kufika wiki ya 12 mazoezi yakawa yameshika usukani. Wiki ya 24 hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi, hata lile lililopata vyote viwili. Kwa maneno mengine, anayeshinda anategemea siku unayopima. Jaribio la Uholanzi liliishia wiki ya 12. La Norway lilisubiri miaka miwili.

Kuna somo la tatu ambalo wapenzi wa mazoezi hawalitaji. Mwaka 2000, Uholanzi, wanawake 44 walipewa kanda ya video wakajifanyie mazoezi nyumbani kwa wiki nane, na waliofanya hawakuwashinda wasiofanya. Sweden mwaka 2010 mazoezi ya nyumbani hayakushinda kusubiri tu. Karatasi yenye michoro sita uliyopewa mlangoni ukiondoka, au video ya mtandaoni, si tiba ya mazoezi. Norway zilikuwa siku 3 kwa wiki, dakika 30 hadi 60, kwa wiki 18 hadi 20, kila mtu na programu yake inayobadilishwa kadiri anavyopata nguvu. Mtu akisema "mazoezi nimeshajaribu, hayasaidii," muulize alifanya wiki ngapi na aliongeza mzigo mara ngapi. Jibu kwa kawaida ni wiki mbili na hakuongeza.

Basi tuandike dozi kama inavyoandikwa ya dawa. Wiki nne za kwanza ni kuamsha misuli. Lala chali, magoti yamekunjwa. Tafuta mifupa miwili inayochomoza mbele ya nyonga, sogeza vidole sentimita mbili kuelekea katikati. Toa pumzi, vuta tumbo la chini ndani taratibu kwa theluthi moja ya nguvu zako, mpaka usikie msuli unakaza chini ya vidole bila kufura. Shikilia sekunde 10 huku unapumua, rudia mara 10. Ukizuia pumzi, ukigandamiza mgongo kwenye mkeka, au vidole vikisukumwa nje, umekosea msuli.

La pili ni daraja: visigino viwe umbali wa shubiri moja na nusu kutoka kwenye makalio, inua nyonga mpaka mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja, shikilia sekunde 5, mara 10, raundi 3. Nyuma ya paja ikishikwa na mkakamao, visigino viko mbali mno. Mgongo ukiuma, umeinua kupita kiasi. Mwenye maumivu ya mfupa wa kinena mbele abane kanga iliyokunjwa katikati ya magoti, na asifanye zoezi lolote la kutanua miguu kwa sasa.

La tatu, piga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa. Weka chupa ya plastiki yenye maji nusu, imelala kukingama kiunoni. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, sekunde 5, badilisha. Chupa ikianguka, nyonga imepinda. Anza kwa mguu peke yake. Chupa hiyo ni mwalimu mkali kuliko sisi.

Kuanzia wiki ya tano mzigo uongezeke, na hapa ndipo wengi hukwama kwa woga. Kata tyubu ya baiskeli upana wa vidole viwili, ifunge juu kidogo ya magoti, tembea upande upande hatua 10 kwenda na 10 kurudi, raundi 3. Kisha dumu. Litie maji lita 5, liweke katikati ya nyayo na si mbele ya vidole. Sukuma makalio nyuma kama anayefunga mlango huku mikono imejaa vyombo, mgongo umenyooka, shika, simama. Mara 8, raundi 3. Ukizimaliza vizuri siku mbili mfululizo za zoezi, ongeza lita mbili. Aliye na dumu la lita 20 la kuchotea maji hahitaji jimu. Na kwa kuwa atalibeba tu hata akiumwa, ni bora alibebe kwa mpango.

Kuhusu maumivu wakati wa zoezi: ukiyapima kutoka 0 hadi 10, mpaka 3 yanaruhusiwa, mradi kesho yake saa ileile yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi hapo punguza theluthi moja ya mizigo au marudio, usiache. Anayeacha kabisa kwa wiki nzima kila panapouma atakuwa wiki ya kwanza mwaka mzima.

Na tiba ya mikono, kwa anayeihitaji, nayo ina dozi: mara 3 au 4 ndani ya wiki mbili au tatu. Mtaalamu apime ule mguu kabla ya kuanza na mara baada ya kumaliza, kisha mgonjwa afanye mazoezi papo hapo, kabla hajashuka kwenye ngazi za kliniki. Huo muda maumivu yamelala ndio wa thamani, na wengi huutumia kukaa kwenye daladala. Alama zisiposhuka baada ya mara mbili, ya tatu na ya kumi hazitafanya muujiza. Kualisha kwa nguvu kuachwe kabisa kwa mwenye saratani, mifupa dhaifu, uambukizi, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kifurushi cha vipindi 20 kilicholipiwa mapema kwa ajili ya "kurudisha nyonga" hatujui kinatibu nini zaidi ya mfuko wa anayekiuza.

Kwa wajawazito, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2008 unakadiria kwamba karibu mmoja kati ya watano hupata maumivu haya, na wengi hupona ndani ya miezi michache baada ya kujifungua. Kama mguu ulikuwa mwepesi nyonga ilipobanwa, mkanda utasaidia, na si lazima ununue. Kunja kanga upana wa vidole vinne, ifunge chini ya ile mifupa inayochomoza mbele, juu kidogo ya mifupa ya pembeni ya mapaja. Nguvu iwe ya kutosha vidole viwili kupita chini yake. Wengi hufunga juu, tumboni, kwa lengo la kurudisha umbo. Pale haisaidii kiungo na inasukuma viungo vya uzazi chini. Ifungwe wakati wa kutembea na kazi, ifunguliwe wakati wa kulala.

Kukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua hatukupingi. Joto hulegeza misuli, na mzazi anapata mtu wa kumhudumia, jambo ambalo kliniki zetu haziwezi kumwandikia. Maji yawe ya kuvumilika kwenye kiwiko cha anayekanda, yakandwe makalio na kiuno, si tumbo wala karibu na mshono wa upasuaji. Nusu saa baadaye, misuli ikiwa bado ya moto, alale chali magoti yamekunjwa, vidole sentimita mbili ndani ya mifupa ya mbele, atoe pumzi.

Wafiziotherapia wawili,
Moshi